Waliokula Chumvi Nyingi

Bahari haikubisha hodi.
Ilipanda na mkono wa Mtambwe usiku wa bamvua,
ikaruka tuta alilolijenga babu kwa jembe na matusi,
ikalala weuni kwetu siku tatu
kama mkwe asiyejua kuaga.

Ilipoondoka iliacha deni jeupe juu ya nyufa,
na mpunga wa wiki tano
umeungua ncha, kisha shingo, kisha jina.
Mama alichovya kidole udongoni, akaramba.
"Huu si wa kupanda tena," akasema.
"Huu ni wa kuungia mchuzi."

Miaka minne weu ulikuwa wa kaa.
Tulikula mchele wa kupima dukani kwa Saburi,
mrefu, mweupe,
usio na harufu ya mtu.

Kisha akaja Raiye, binti wa mjomba Sharifu,
buti za mpira, koleo la kitoto, vichupa thelathini.
Weuni hakuchimba.
Alikwenda mikokoni, akapiga magoti chini ya mchu
na kuiuliza mizizi: unaishi na nani?

"Na vijidudu," akatuletea jibu.

Mama alirudi nyuma hatua.
Neno hilo analijua.
Mwaka wa kipindupindu lilimchukua dada yake, Mkasi,
kati ya alfajiri na adhuhuri.
Tangu hapo hunawa mpaka viwiko,
huchemsha maji mpaka yaombe radhi.
"Unataka niutie mpunga maradhi
kwa mkono wangu mwenyewe?"

Raiye hakubishana.
Alikaa jikoni, akachambua mchicha pamoja naye,
akasema taratibu, kama anayesimulia habari za jirani:

Mzizi ukionja chumvi, shangazi, hulia.
Kilio chake ni hewa, masikio hayakipati.
Kikizidi, mmea hujifungia ndani,
hufa kwa huzuni kabla ya kufa kwa kiu.
Wadogo hawa huketi ukingoni mwa mzizi
wakakila kilio
kingali hakijawa kilio.
Wana na ute wao; chumvi hunasa humo,
ikachelewa mlangoni.
Bahari hawaiondoi.
Wanamliwaza mpunga tu.

Mama alibaki na jani mkononi.
"Kumbe ni wazee," akasema.
"Wamekula chumvi nyingi."

Chupa zikakaa ndani ya friji ya Time,
kati ya barafu za ubuyu,
zimeandikwa kwa wino mwekundu: SI ZA KUUZA.

Usiku wa kuroweka mbegu tulikuwa na ndoo mbili.
Moja ina walio hai, inanuka pwani maji yakitoka.
Ya pili imechemshwa, wafu watupu,
ili tujue ni wao
au ni dua zetu.
Mama alikoroga ile ya kwanza kwa mwiko wa zamani,
akainama: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Ukishindwa, usinitie aibu kwa Saburi."

Sisemi kwamba tumeshinda.
Weu huu zamani ulitoa magunia sita.
Mwaka huu, upande wa wafu, pishi mbili.
Upande wa walio hai, pishi kumi na moja,
mashuke mafupi, yenye kiburi kidogo.
Pembe ya kusini haikuota hata gugu;
Raiye aliandika daftarini "sijui,"
nami nikampenda kwa neno hilo.

Tulipika pishi ya kwanza bila nazi,
tuusikie wali wenyewe.
Hakuna aliyezungumza.
Mdogo wangu Kheri alikwangua ukoko mpaka sufuria ikalalamika.

Mama bado hunawa mpaka viwiko akitoka weuni.
Ila maji ya kwanza, yale ya tope, kabla ya sabuni,
siku hizi hayamwagi mtaroni.
Huyakinga katika bakuli,
hutembea nayo polepole, asimwage tone,
mpaka kwenye tuta,
akawarudisha kwao.